Kazi Mbili za Tupokigwe

Tupokigwe alikuwa anaanza kufagia kabla jua halijatoka vizuri. Alianzia madarasa ya ghorofani, akashuka polepole mpaka chini. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona mwenyewe kwamba ukianzia chini, vumbi la juu linashuka, na kazi unairudia.

Shule aliyofanyia kazi ilikuwa ya binafsi, kwenye mteremko huko Goba. Ilikuwa na jengo moja la ghorofa moja, madarasa kumi, vyoo viwili vikubwa na ofisi tatu. Tupokigwe alikuwa mfanya usafi. Alifagia, akapiga deki, akasugua vyoo, akamwaga taka. Watoto walipofika saa moja, sakafu ilikuwa imeshakauka. Kazi ilikuwa ngumu, lakini aliijua.

Nyumbani aliishi na mumewe, Benson, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na binti yao Bupe, aliyekuwa darasa la sita. Walitoka Tukuyu miaka minane iliyopita. Kwao Tupokigwe alisoma mpaka darasa la nne tu. Alijua kusoma, ila kwa taratibu, kidole kikifuata maneno. Karatasi ndefu zilimchosha, kwa hiyo alikuwa na tabia ya kuzikunja na kuziweka.

Mwezi wa sita, mzee Cyprian aliacha kazi akarudi kwao Bukoba. Mzee Cyprian ndiye aliyekuwa mwangalizi wa jengo la shule. Alikuwa mtu wa kimya. Kila siku alizunguka na daftari, akigusa hiki, akitikisa kile. Walimu wengine walikuwa wakisema, "Huyu mzee analipwa kwa kutembea."

Siku mzee alipoondoka, mwalimu mkuu, Mwalimu Demetria, alimwita Tupokigwe ofisini. Akamkabidhi pete kubwa ya chuma yenye funguo ishirini na sita.

"Dada Tupo, tushikie hizi kwa muda," alisema. "Mpaka tupate mtu. Wewe ndiye unayelijua hili jengo."

"Sawa, Mwalimu. Na kazi zenyewe za mzee Cyprian zilikuwa zipi?"

"Aa, ni kufungua na kufunga. Na vitu vidogo vidogo."

Tupokigwe alizipokea funguo kwa mikono miwili. Alijisikia fahari. Jioni alipofika nyumbani, Benson alizichukua akazipima uzito kiganjani.

"Kumbe nimeoa bosi," alisema.

Tupokigwe alicheka. Usiku ule alilala vizuri.

Lakini vile vitu vidogo vidogo havikuwa na mwisho. Maji yakikatika, anaitwa awashe pampu. Taa ikiungua, anaitwa. Kitasa kikikwama, anaitwa. Fundi wa simtanki, lile tanki la maji, akija, lazima amsubiri. Mwalimu akisahau ufunguo wa maktaba, anaacha ndoo na kupanda juu. Na wakati huohuo madarasa kumi yalikuwa yanamngoja, na vyoo pia.

Haukupita mwezi, vyoo vikaanza kunuka. Mwalimu wa zamu alimsimamisha kwenye korido.

"Dada Tupo, siku hizi vipi? Vyoo havikuwaga hivi."

"Nilikuwa kwenye pampu, Mwalimu."

"Pampu na vyoo wapi na wapi?"

Tupokigwe alichukua brashi akaenda kusugua.

Siku moja ya Jumatatu, akipiga deki kwenye ngazi, alishika chuma cha pembeni, kile ambacho watoto hukishika wakipanda na kushuka. Chuma kikacheza. Alikitikisa tena. Mguu mmoja wa kile chuma ulikuwa umeachia saruji.

Tupokigwe aliogopa kidogo. Akatafuta waya kwenye stoo, akaufunga ule mguu kwenye mguu wa pili wa chuma, ulio jirani, akakaza. Kisha akateremka mpaka getini, ambako Mwalimu Demetria alikuwa anaingia kwenye gari huku anaongea na simu.

"Mwalimu, kile chuma cha ngazi kimelegea."

Mwalimu Demetria aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia, akaendelea na simu yake. Gari likaondoka.

Tupokigwe alibaki amesimama. Alijisemea kwamba ameshasema. Zaidi ya hapo, yeye ni mtu wa fagio, angefanya nini tena? Akarudi kwenye deki. Siku ya pili alikumbuka kile chuma, akaona waya bado umeshika. Siku ya tatu hakuangalia. Alikuwa na mambo mengi.

Wiki iliyofuata, saa ya mapumziko, watoto walishuka ngazi kwa kusukumana kama kawaida yao. Waya ukakatika. Chuma kikaenda upande, na mtoto mmoja wa darasa la tatu, Benedicta, akaanguka kutoka ngazi ya tano mpaka chini.

Tupokigwe alikuwa wa kwanza kumfikia. Mtoto hakulia mara moja. Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto, akimtazama Tupokigwe kwa macho makubwa. Ndipo kilio kikatoka.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa hogo, plasta ngumu ya mkono mzima. Daktari alisema utapona, ila itachukua wiki sita.

Kesho yake mama yake Benedicta alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Nani alikuwa anaangalia hizi ngazi?"

Watu wote waliokuwa ofisini walimtazama Tupokigwe, aliyekuwa mlangoni na funguo zake mkononi.

Saa nane mchana alipewa barua. Barua ilimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe uliosababisha mtoto kuumia.

Alimpa Bupe aisome nyumbani, ili asikosee kuielewa. Binti aliisoma mpaka mwisho, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Mama, wanataka kukufukuza?"

"Sijui, mwanangu."

Benson alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa masizi ya kazi. "Acha hiyo kazi," alisema. "Kesho peleka funguo zao, urudi nyumbani. Goba hii haikosi kazi ya usafi."

"Nikiondoka hivyo, watasema ni kweli nilizembea."

"Waseme."

"Na mie mwenyewe nitasema nini? Nilikiona kile chuma, Baba Bupe. Nilikifunga na waya."

Benson ni fundi wa vyuma. Alijua waya hauwezi kushika chuma cha kuegemewa na watoto mia tatu.

"Ungeniambia," alisema mwishoni.

"Ningekuambia kama nani? Kama mfanya usafi, au kama nani? Hata sijui kazi yangu inaishia wapi."

Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani siku iliyofuata. Alitembea mpaka nyumba ya tatu, kwa Bi Mwanaheri. Bi Mwanaheri alikuwa mtu wa Dar es Salaam tangu bibi zake. Alifanya kazi miaka ishirini na mbili kwenye jengo la ofisi kule Mwenge. Alianza kwa ndoo na fagio, akastaafu akiwa mwangalizi wa jengo zima, ghorofa sita. Tupokigwe alimkuta barazani, ametoka kuswali alasiri, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Uso huo una jambo."

Tupokigwe alikaa kwenye mkeka, akaeleza yote, tangu siku ya funguo mpaka barua. Hakuficha habari ya waya. Bi Mwanaheri alisikiliza bila kumkatiza, vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Mkataba wako uko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Chini ya godoro."

"Umewahi kuusoma?"

"Niliweka sahihi tu."

"Nenda ukaulete."

Tupokigwe aliuleta, ukiwa umekunjwa mara nne. Bi Mwanaheri alivaa miwani, kisha akaivua tena, akamrudishia karatasi.

"Hapana. Soma wewe. Nikikusomea mie, utasahau."

Tupokigwe aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma polepole. Pale alipokwama, Bi Mwanaheri alisubiri. Alifika mahali palipoandikwa majukumu ya kazi.

"Ku-fa-gia na kupiga deki madarasa, ofisi na korido. Kusafisha vyoo mara tatu kwa siku. Kumwaga taka. Kujaza sabuni na maji ya kunawa. Ku-to-a taarifa ya uharibifu wowote atakaouona kwa mwangalizi wa jengo." Akaacha kusoma. "Basi. Yameishia hapo."

"Umeona neno funguo?"

"Hapana."

"Pampu? Taa? Ngazi?"

"Hapana, Bi Mwanaheri."

"Sasa nikueleze, maana watu wengi huzichanganya hizi kazi mbili. Kwa kuwa wote wawili unawaona na ndoo, unadhani ni mtu mmoja. Tuseme maji yamemwagika sakafuni. Nani anayakausha?"

"Mfanya usafi."

"Na nani anauliza maji yametoka wapi?"

Tupokigwe alifikiri. "Mzee Cyprian alikuwa anauliza hivyo. Alikuwa anafuata bomba mpaka juu."

"Huyo ndiye mwangalizi. Mfanya usafi anaondoa uchafu wa leo, ili watu wasiugue. Ni kazi ya ujuzi kabisa, usiidharau. Dawa ipi ya wapi, dawa zipi ukizichanganya zinatoa moshi wa kukata pumzi, vyoo visafishwe vipi. Mtu asiyejua anaweza kuua watu kwa ndoo moja. Lakini mwangalizi kazi yake ni jengo lenyewe. Anashika funguo na anajua kila mlango unafunguka kwa nani. Anakagua ngazi, taa, mabomba, paa. Anaona kitu kinataka kuharibika kabla hakijaharibika. Cha kukaza kwa bisibisi anakaza. Cha fundi anaita fundi, hajifanyi fundi. Na mahali pa hatari ana ruhusa ya kupafunga. Ndiyo maana analipwa zaidi, kwa sababu likitokea jambo, yeye ndiye anayeulizwa."

"Mie nimeulizwa."

"Umeulizwa ya mwangalizi, na umepewa mkataba wa mfanya usafi. Kazi ya mtu ikibadilika, maandishi nayo yabadilishwe. Hawakufanya hivyo. Wamekupa funguo kwa mdomo."

Tupokigwe alihisi mzigo unapungua mabegani. Lakini Bi Mwanaheri alikuwa hajamaliza.

"Ila na wewe, mwanangu, una lako. Huo mstari wa mwisho umeusoma mwenyewe. Kutoa taarifa. Uliona chuma kimeachia, ukamwambia mtu aliye kwenye simu, ukahesabu umesema. Taarifa ni maandishi. Unaandika tarehe, umeona nini, wapi, umempa nani, na yeye anaweka sahihi. Kama hayuko, unamfuata kesho. Na hapohapo unaweka benchi kwenye ile ngazi, mtu asipite. Ulifunga waya kwa nia njema, lakini waya ulificha ubovu. Kama ungekiacha kinaning'inia, labda mwingine angekiona."

Maneno hayo yalimwingia. Tupokigwe aliinamisha kichwa. Alimwona tena Benedicta pale chini, ameshika mkono wake.

"Nifanye nini sasa?"

"Andika ukweli. Wa kwako na wa kwao. Usipunguze, usiongeze."

Tupokigwe alikaa na kalamu jioni mbili. Bupe alitaka kumwandikia, akakataa. Alimruhusu tu kumsahihishia herufi. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba aliajiriwa kuwa mfanya usafi. Aliandika kwamba alipewa funguo bila maandishi na bila kufundishwa. Aliandika siku aliyokiona chuma, na kwamba alimweleza Mwalimu Mkuu getini. Halafu akaandika: "Nilikosea kufunga kwa waya na kunyamaza. Nilitakiwa kufuatilia na kuzuia watoto wasipite. Ninasikitika kwa mtoto Benedicta."

Mwishoni aliongeza sentensi ambayo hata Bi Mwanaheri hakumshauri: "Ninaomba nije kueleza mbele yenu."

Kikao kilikuwa Ijumaa. Walikuwepo Mwalimu Demetria, mwalimu wa zamu, na mwenye shule, Mzee Kamugisha, ambaye kwa kawaida alionekana shuleni mara mbili tu kwa mwaka. Tupokigwe aliwaamkia. Aliweka mkataba wake mezani, na juu yake akaweka ile pete ya funguo.

Mwenye shule alisoma barua, kisha akasoma mkataba. Akamgeukia Mwalimu Demetria.

"Alikwambia habari ya chuma?"

Mwalimu Demetria angeweza kukataa. Hakukuwa na shahidi. "Alinisemesha nikiwa kwenye simu," alisema. "Sikumsikiliza. Nikasahau."

"Na mwangalizi mpya kwa nini hajatafutwa mpaka leo?"

"Tuliona Dada Tupo anaweza kubeba."

"Nilibeba," alisema Tupokigwe. "Lakini vyoo vikanuka na chuma cha ngazi kikaanguka. Nikiwa kwenye pampu, siko chooni. Nikiwa chooni, siko kwenye ngazi. Hizi ni kazi mbili, mzee. Nirudishieni kazi yangu moja niifanye vizuri, na nyie mtafute mwangalizi. Au nifundisheni uangalizi, muniandikie, na mumtafute mfanya usafi. Ila zote mbili kwa pamoja, tena bila karatasi, siwezi tena. Sio kwa kiburi. Mtoto mwingine ataumia."

Mwenye shule alizigeuzageuza zile funguo.

"Ukiambiwa uchague, utachagua ipi?"

Tupokigwe alikuwa hajajiuliza hivyo. Lakini jibu lilikuwepo, kana kwamba lilikuwa linamsubiri.

"Uangalizi," alisema. "Nataka kujua maji yanatoka wapi."

Hawakumpa siku ile. Walimpa onyo la maandishi kwa kutofuatilia taarifa, naye akalipokea. Mwalimu Demetria alipewa lake. Jioni hiyo Benson alikuja na mashine yake, kwa malipo ya shule, akachomelea chuma kipya ngazi nzima, na miguu ikazikwa upya kwenye saruji. Nafasi ya mwangalizi ikatangazwa kwenye ubao wa geti. Walipewa miezi miwili wote waliotaka kuomba.

Miezi hiyo miwili Tupokigwe hakuipoteza. Kila Jumamosi alikwenda na Bi Mwanaheri kule Mwenge, kwenye jengo lake la zamani, ambako mwangalizi wa sasa alikuwa mwanafunzi wake. Huko alijifunza kuzima meinswichi, yaani swichi kuu ya umeme, na kutambua harufu ya waya unaoungua. Alijifunza kusoma mita ya maji, na kujua kwamba ikizunguka wakati mabomba yote yamefungwa, kuna mahali panavuja. Alijifunza kukagua chombo cha kuzimia moto, tarehe yake na mshale wake wa presha. Alijifunza pia kwamba rangi ikivimba ukutani, usipake rangi nyingine. Tafuta unyevu nyuma yake.

Kilichomsumbua kilikuwa daftari. Mkono wake ulikuwa mzito kuandika. Siku ya kwanza aliandika maneno manne, akaomba apumzike.

"Hapa hakuna kupumzika," Bi Mwanaheri alimwambia. "Mwangalizi asiyeandika ni mtu wa kutembea tu."

Basi nyumbani akaanza kukagua nyumba yake mwenyewe. Kila jioni, Bupe akifanya kazi za shule, mama yake alikaa upande wa pili wa meza anaandika. "Bawaba ya mlango wa jikoni imelegea. Nimemwambia Baba Bupe." Benson alipoletewa daftari aweke sahihi, alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaweka sahihi. Bawaba ikakazwa kesho yake.

Watu watano waliomba nafasi ile. Waliitwa mmoja mmoja, wakaambiwa wazunguke jengo kwa nusu saa na kuandika walichokiona. Tupokigwe aliandika mambo kumi na saba. Mengine aliyapita miaka miwili akiwa na fagio bila kuyaona. Alipata kazi kwa majaribio ya miezi mitatu. Safari hii mkataba aliusoma wote kabla ya kuweka sahihi, kidole kwenye mstari, na Mwalimu Demetria akamsubiri. Palipoandikwa "na kazi nyingine zozote atakazopewa", Tupokigwe aliuliza ni zipi. Wakaongeza maneno: "zinazohusu uangalizi wa jengo."

Kazi ya usafi alipewa Munira, dada wa miaka ishirini na mbili kutoka Vingunguti. Tupokigwe alimfundisha kuanzia juu kushuka chini. Alimpa glovu na kumwonyesha dawa mbili za choo ambazo hazitakiwi kukutana. Halafu akamkabidhi daftari dogo.

"Hili la nini, dada?" Munira aliuliza. "Mie si nafagia tu?"

"Wewe unapita kila kona kila siku. Mie sifiki huko kote. Ukiona kitu kimekaa vibaya, kiandike, uniletee, niweke sahihi. Siku nikikataa kuweka sahihi, nenda kwa Mwalimu Mkuu."

Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zikaja kwa nguvu. Zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi, Munira alimletea Tupokigwe daftari. Mstari ulikuwa mmoja: "Darasa la tano, dari ina doa kama sahani, jana halikuwepo."

Tupokigwe aliweka sahihi, akapanda juu. Doa halikuwa tena kama sahani. Lilikuwa kama sinia, na katikati dari ilikuwa imeshuka kidogo, kama tumbo. Alichukua mti mrefu wa fagio, akaigusa kwa ncha. Ilibonyea, laini kama mkate uliolowa. Taa mbili zilikuwa zinaning'inia hapohapo.

Akafunga mlango kwa ufunguo, akateremka ofisini.

"Mwalimu, darasa la tano nimelifunga. Dari imejaa maji."

Mwalimu Demetria aliinua uso kwenye makaratasi. "Leo haiwezekani, Dada Tupo. Saa tatu kuna mtihani wa kufunga mwaka. Meza zimeshapangwa. Fundi akija Jumamosi si inatosha?"

"Nimeshampigia fundi, anakuja saa nane. Watoto wakae maktaba."

"Maktaba hawatoshi."

"Wengine wakae korido ya chini. Mie na walimu tutatoa meza za stoo."

"Ni masaa mawili tu."

Tupokigwe alisimama wima. Zamani angesema "sawa, Mwalimu" na kurudi kwenye ndoo. Aliweka daftari mezani, likiwa wazi, na kalamu juu yake.

"Nimeandika hapa. Nimekataza darasa kutumika, na sababu. Ukitaka litumike, andika na wewe chini yake kwamba umeruhusu, uweke sahihi. Nitakupa ufunguo."

Mwalimu Demetria alilisoma lile daftari. Alisoma mara mbili. Kisha akaliondoa mezani taratibu, akamrudishia na kalamu yake.

"Nitawaita walimu watoe meza za stoo," alisema.

Saa tatu na nusu watoto walikuwa kimya, vichwa vimeinama, wengine maktaba na wengine kwenye korido. Mvua ilianza tena. Saa nne na dakika chache, kishindo kikasikika juu. Madirisha yalitikisika. Watoto waliinua vichwa, na mwalimu akawaambia waendelee.

Tupokigwe na Mwalimu Demetria walipanda pamoja. Mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu ya kifusi. Nusu ya dari ilikuwa chini. Vipande vyenye maji vilikuwa vimelalia madawati ya mistari ya mbele, na taa moja ilikuwa imevunjika juu ya dawati la katikati. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye waya.

Mwalimu Demetria aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anahesabu madawati. Kila moja lilikuwa la watoto wawili.

Munira alifika anakimbia, ndoo mkono mmoja, fagio mkono mwingine. Alipotaka kuingia, Tupokigwe alimzuia kwa mkono.

"Bado, mdogo wangu. Umeme kwanza."

Alishuka akazima meinswichi, akarudi, akaandika saa kwenye daftari. Fundi alipokuja saa nane, alipanda darini akakuta gata, mfereji wa maji ya paa, limeziba na bati mbili zimeinuka. Aliondoa vipande vilivyokuwa bado vinaning'inia, akakagua waya, akasema sasa ni salama kuingia. Tupokigwe aliandika hayo pia, na fundi akaweka sahihi.

Ndipo akamgeukia Munira. "Sasa ni kazi yako."

Munira alivaa glovu. Alianzia juu ya madawati akashuka sakafuni, akatoa ndoo baada ya ndoo ya matope meupe. Alifanya kazi mpaka jioni. Tupokigwe alikuwa juu ya ngazi nje, akimshikia fundi bati.

Jumatano iliyofuata, darasa la tano walirudi kwenye chumba chao. Dari ilikuwa mpya, gata limesafishwa, na sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa. Mwalimu Demetria alipita mlangoni, akasimama, akaangalia juu kwa muda. Halafu akaenda kwenye ubao wa matangazo, akabandika karatasi mbili zenye muhuri wa shule. Moja iliandikwa "Kazi za Mfanya Usafi." Nyingine iliandikwa "Kazi za Mwangalizi wa Jengo."

Munira alimwita Tupokigwe. Wakasimama mbele ya ubao, kila mmoja akasoma ya kwake kwa sauti, mpaka mwisho.